Ukingo wa Sakafu ya Mama

Baba alitaka sakafu ya simiti kwa sababu ya funza. Majirani walisema ni majivuno, kwamba mzee wa kanisa ameona nyumba za misheni na sasa anataka kukanyaga wanapokanyaga wao. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikikaa na mama mlangoni, nikimtoa funza kwa pini, na najua jinsi alivyokuwa akiuma pindo la leso asipige kelele. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na vidole visivyo na kucha. Mama alikandika nyumba kwa samadi kila mara, lakini udongo wetu ulikauka upesi ukawa vumbi, na funza hupenda vumbi.

Nyumba yetu ilikuwa mwendo mfupi kutoka Lugulu. Ilikuwa na sebule na chumba cha kulala, kuta za udongo na paa la mabati. Jikoni palikuwa kibanda cha nyasi nyuma yake. Wakati huo vita kuu vya pili vilikuwa vimekwisha, askari wamerudi, na wengi wao walirudi na maneno mapya juu ya namna ya kuishi. Baba hakwenda vitani, ila maneno hayo aliyapenda. Alinunua simiti Bungoma, akaileta kwa mkokoteni wa ng'ombe, akatafuta fundi aliyekuwa akipita.

Fundi yule alipiga vyumba vyote viwili haraka, juu ya udongo ambao haukushindiliwa. Kwa muda sakafu ilipendeza. Watu walikuja kuitazama, wakavua viatu nje, wale waliokuwa navyo. Mvua za kwanza ziliponyesha, sakafu ikazama. Bonde lilianza chumbani, karibu na kitanda cha mama, likapita mlangoni na kutokea sebuleni. Mama akiosha sebule, maji yalikimbilia chini ya kitanda na kukaa huko. Fundi alikuwa ameshakwenda zake, hatukujua wapi.

Mimi nilikuwa nimeolewa Endebess, upande wa magharibi wa Kitale. Mume wangu alizaliwa katika shamba la mzungu mmoja huko, baba yake akiwa mchunga ng'ombe. Alipokuwa kijana alimsaidia fundi wa Kihindi aliyejenga maduka mjini Kitale, akajifunza kwake kujenga kwa matofali, kupiga lipu na kupiga sakafu. Baadaye mwenye shamba alimpa kazi ya mabanda ya kukamulia. Kazi hiyo ndiyo iliyomfundisha adabu ya simiti, kama alivyopenda kusema. Sakafu ya banda huchimbika kwato zinapopita kila siku, na mtu mvivu huziba shimo kwa kumwaga simiti na kuisambaza kwa mwiko mpaka inakonda na kuishia juu ya sakafu ya zamani. Siku ya kwanza inaonekana laini, huoni kipya kimeanzia wapi. Kisha ng'ombe anakanyaga pale palipokonda, na kinainuka kipande kama ukoko wa ugali uliokaukia sufuriani.

"Simiti haitaki kuisha polepole," aliniambia siku moja nilipompelekea chakula bandani. "Inataka kuisha ghafla, kama ukuta."

Akanionyesha alivyokuwa akichonga ile ya zamani kwa tindo, akifanya ukingo uliosimama, ili ile mpya iingie na kuishia ikiwa bado nene. Nilimsikiliza kwa sababu nilimpenda. Sikudhani ni jambo litakalonihusu.

Basi baba akatuma ujumbe kwamba anamtaka mkwe wake aje airekebishe sakafu.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa kuwa wajukuu wangu hulicheka. Kwetu, mume na mama wa mke wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mikono. Hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja hukata kichakani, na akichelewa hugeuza uso. Na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakiingii, hata kama kinaungua. Hiyo ndiyo tunayoiita soni. Si kosa linalompa mtu soni. Ana soni kwa kuwa amelelewa. Asiyekuwa nayo, watu humwangalia kama mnyama aliyeingia sokoni.

Baba alisema mambo hayo yaliachwa siku tulipobatizwa. Mama alibatizwa siku ileile, maji yaleyale, lakini hakuyaacha.

Tulikuja kwa lori la mahindi, mimi na mume wangu, na vifaa vyake ndani ya gunia. Mama aliposikia tumefika njia panda, alibeba mkeka wake akahamia jikoni. Muda wote wa kazi ile hakuja upande wa mbele wa nyumba. Nilikuwa nikimpelekea mume wangu maji na mchanga, kisha nikizunguka nyuma kumpelekea mama habari.

Sebule aliimaliza vizuri. Alichonga ya zamani pande zote, akashindilia, akamwaga, akavuta kwa ubao mnyoofu, na kiputo cha pimamaji yake kikakaa katikati. Kisha akafika kwenye mlango wa chumba cha kulala. Akasimama hapo na mwiko mkononi.

Bonde lilianzia ndani. Ili aliondoe ilibidi aingie, ahamishe kitanda cha mama, achonge sakafu kule ndani na kuijaza kuanzia huko. Baba alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ingia," baba akasema. "Mwenye chumba hayuko."

"Baba, hapa siwezi."

"Kwa nini?"

Mume wangu aliinama tu. Ni mimi niliyesema, "Baba, unajua ni mwiko."

"Mwiko ninaoujua mimi," baba akasema, "ni huo ulio mkononi mwake."

Alisema kwa sauti ya mtu aliyezoea kuhubiri, na nadhani alitaka tucheke. Mume wangu alibaki ameinama. Mwishowe akasema, kwa upole, kwamba anaweza kuja fundi mwingine asiye mkwe, akamalizia chumbani. Baba akakataa. Alisema hawezi kulipia sakafu moja kila mwaka kama kodi ya kichwa, na wageni wa maana wanakuja karibuni. Kaka yangu alikuwa anaposa, na wazazi wa msichana walikuwa watu wa misheni.

"Basi nitaimalizia hapa hapa mlangoni," mume wangu akasema, "lakini itakuwa imekonda. Sitaki kukudanganya. Haitashika."

"Ikonde tu. Muhimu maji yasipite."

Nikamwangalia akifanya kazi aliyoichukia. Aliisukuma simiti kuelekea kizingiti, akaivuta, akaivuta tena, ikawa nyembamba kama kucha, ikaisha juu ya sakafu ya zamani bila kuonekana ilipoishia. Alifanya kwa mkono mzuri hata hivyo. Alikuwa amepiga magoti upande wa sebule na kunyoosha mkono tu. Kichwa chake hakikupita mlango. Alipomaliza aliosha mwiko wake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tulirudi Endebess. Mama alirudi nyumbani mwake kutoka jikoni.

Ukingo ule ulishika mvua zote za masika, kitu kilichomshangaza mume wangu. Kiangazi kilipokuja ukapata ufa, kipande kimoja kikainuka. Mama hakumwambia mtu. Alitandika mkeka juu yake, akawa anauvuka kwa hatua ndefu kila aendapo kulala. Hayo niliyajua baadaye.

Siku ya wageni wa kaka yangu tuliitwa wote. Mume wangu alivaa koti lake la pekee. Alikaa karibu na mlango wa nje, penye kigoda, uso ukielekea uani, kama inavyompasa mkwe, ili mama akipita asionane naye. Wageni walikaa kwenye viti vilivyoazimwa kanisani. Baba alikuwa amefurahi mno. Kabla hawajafika aliuona ule mkeka, akauliza unafanya nini pale, akaukunja mwenyewe. Alisema sakafu haikupigwa ili ifunikwe.

Nami nilikuwa jikoni nikichemsha chai. Vikombe vya udongo mweupe, vya wageni, mama alivihifadhi ndani ya sanduku chumbani. Kwa kawaida angenipa mimi nivipeleke sebuleni. Lakini baba alikuwa amemwambia kwamba siku hiyo atoke mwenyewe, asalimie wageni kama mke wa mzee wa kanisa, asijifiche kama mwali. Alikuwa amemnunulia hata raba nyeupe. Mama hakuwahi kuvaa viatu maishani mwake ila siku za Pasaka.

Nilikuwa naingia na birika kwa mlango wa nje alipotokea na sinia mlangoni mwa chumba. Alikuwa ametazama chini, kwa ajili ya mume wangu, si kwa ajili ya sakafu. Ncha ya raba iliingia chini ya kile kipande kilichoinuka. Niliona uso wake ukibadilika kabla sijaelewa. Sinia liliruka, vikombe vikapasuka, naye akaja mbele kwa uzito wake wote, kitambaa cha kichwa kikamtoka, na sebule ilikuwa ndogo, na meza ilikuwa pale pale.

Mume wangu aligeuka kwa ule mlio, akainuka akamdaka. Alimshika chini ya makwapa, kifua kwa kifua, na kichwa cha mama, kikiwa wazi, kikalala begani mwake.

Wakakaa hivyo. Haukuwa muda mrefu, lakini kila mtu aliona. Kisha mama akajitoa, akajifunika uso kwa viganja, akarudi chumbani akiwa amepiga magoti, akipita juu ya vigae vya vikombe. Mume wangu alisimama na mikono yake mbele, mbali na mwili, kama mtu aliyeshika kitu chenye moto na hana pa kukiweka. Akatoka. Kofia yake ilibaki kwenye kigoda.

Mgeni mmoja, mama yake yule msichana, akasema polepole, bila kumwangalia mtu, "Hatukuona kitu." Ilikuwa heshima kusema hivyo, na ilikuwa mbaya kuliko kama angecheka.

Baba akasema ni ajali tu, tumwombe Mungu, tuendelee. Hakuna aliyeendelea. Walikunywa chai katika vikombe vya bati, wakaaga mapema.

Na mimi nilisimama na birika langu. Nimezeeka sasa na bado nikiikumbuka saa ile uso unanipata joto. Wazo lililonijia kwanza, kabla ya kumhurumia mama, kabla ya kuuliza kama ameumia, lilikuwa kwamba heri angemwacha aanguke.

Habari ilifika mtoni kabla yetu. Keshoye nilipoenda kuchota maji kwa mama, wanawake waliacha kufua wakanitazama. Kisha mmoja, mtu tuliyecheza naye utotoni, akasema, "Kumbe siku hizi mkwe anakumbatiwa. Ukristo ni mzuri, bana." Wakacheka ndani ya midomo. Nilijaza mtungi nusu, nikaondoka, na maji yakawa yanarukaruka njia nzima na kunilowesha mgongo.

Mama hakutoka chumbani. Nilimwosha magoti yaliyokatwa na vigae, akaniacha nimwoshe. Jumapili hakwenda kanisani. Baba alihubiri siku hiyo, na niliona akitafuta kwa macho mahali mama alipozoea kukaa, akapoteza mstari wake.

Mume wangu alikuwa amelala kwa rafiki yake upande wa pili wa barabara. Alirudi Endebess peke yake, mimi nikamfuata baadaye. Nilimkuta hali chakula alichokuwa akiletewa na jirani. Lile koti alikuwa amelitoa, amempa mzee mmoja mlinzi wa ghala. Nilimuuliza atavaa nini kwenye baridi ya mlima.

"Lilimgusa," akasema.

Tulikaa hivyo kwa miezi. Hakunigusa hata mimi, na sikumlaumu. Nilifanana na mama yangu, kila mtu alisema hivyo. Kazini hakuweza tena kupiga sakafu bila kuichonga pande zote mara mbili zaidi ya inavyotakiwa, mpaka mwenye shamba akamgombeza kwa kupoteza wakati. Jioni aliketi nje akiangalia mlima Elgon. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosa. Lakini kila nilipofungua mdomo niliona kichwa cha mama, kitupu, chenye mvi ambazo hata mimi nilikuwa sijui anazo, juu ya bega la mume wangu, nikaufunga.

Baada ya mavuno nilikwenda nyumbani peke yangu kumwona mama.

Nilimkuta jikoni akipepeta mtama. Alikuwa amekonda. Kanisani alikuwa ameanza kwenda tena, akikaa nyuma na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Niliingia ndani kuweka mzigo wangu, nikaona mlango wa chumba. Ukingo ule ulikuwa umebomoka sehemu kubwa, kingo zimebaki kama meno. Vipande vilivyovunjika alikuwa amevipanga juu ya dirisha, hata kimoja hakukitupa.

"Kwa nini baba hajaita fundi?" nilimuuliza niliporudi jikoni.

"Amemwita. Alikuja mtu kutoka Bungoma. Nimemfukuza."

"Mama."

"Angeangalia pale, angeuliza ni nani alifanya kazi hii. Baba yako angesema ni mkwe wetu. Kisha huyo mtu angekwenda kusema kote Bungoma kwamba mume wako hajui kazi." Akapepeta, makapi yakaruka. "Na anaijua. Mimi niliwasikia siku ile. Ukuta huu wa jikoni ni matete tu. Baba yako alimwambia ingia, naye akakataa. Aliikondesha ile simiti kwa ajili yangu."

Nikainama kuokota punje zilizoanguka, ili asinione.

"Nimeanguka kwa sababu ya heshima," akasema. "Sasa nitamchukia kwa lipi? Ila siwezi kupita njia anayopita. Hilo siwezi."

Nilimwambia kwamba mume wangu naye hali vizuri, na kwamba koti amelitoa. Akauliza lilikuwa rangi gani, kwa kuwa siku ile hakuliona.

Mama ndiye aliyefikiria tulichofanya baadaye. Alisema, kama mtu anayezungumza juu ya palizi, kwamba mimi na yeye tuna mikono, na chumba ni chetu, na hakuna aliyewahi kusema mwanamke haruhusiwi kuingia chumbani mwake na nyundo. Anayejua kazi anaweza kusimama nje ya ukuta na kusema. Kuna dirisha, na dirisha lina kibao cha kufunga.

Nilidhani mume wangu atakataa. Nilipomweleza, aliinuka akaanza kunoa tindo.

Siku tuliyoanza, baba alielezwa. Alitaka kusema kitu. Alimwangalia mama, aliyekuwa amejifunga leso kiunoni na ameshika nyundo, akaenda kukata nyasi za ng'ombe, na hakurudi mpaka jioni. Kuanzia siku hiyo sikumsikia tena akisema juu ya mambo yaliyoachwa.

Mume wangu alisimama nyuma ya nyumba, mgongo kwenye ukuta, chini ya dirisha lililofungwa. Mimi na mama tulihamisha kitanda na sanduku.

"Mwambie mama aanze kwa kutafuta mahali sakafu inapoanza kuzama," sauti yake ikaja kupitia kibao. "Aweke ubao. Mahali mwanga unapoonekana chini ya ubao, ndipo."

"Anasema tuweke ubao," nikamwambia mama, ingawa alikuwa amesikia.

"Mwambie mkwe wetu kwamba mwanga tumeuona."

"Baba watoto, wameuona," nikasema, kana kwamba ni watu wengine.

"Sasa achore mstari hapo kwa mkaa, kuzunguka bonde lote. Halafu achonge kwa kufuata mstari, kwenda chini moja kwa moja, kina cha vidole viwili. Asilaze tindo. Likilala, ukingo utakonda tena."

Tulichonga kwa zamu. Mama alipiga kama anayetwanga, kwa pigo lenye mwendo, na vumbi jeupe likamkaa kwenye nyusi. Mkono wangu uliteleza, nikajipiga kidole, mama akachukua nyundo bila neno. Kutoka nje sauti ilikuwa ikiuliza tumefika wapi, nami nikajibu, na kati ya maswali ilikuwa nyundo tu.

Tulipofika mlangoni, kwenye ule ukingo uliomwangusha, mama alipiga magoti mahali palepale. Alisimamisha tindo. Akapiga. Kipande kikubwa kikaruka.

"Asisahau kutoa mavumbi yote," ikasema sauti. "Mavumbi yakibaki, mpya haitashikamana na ya zamani. Amwage maji, afagie, amwage tena. Ameona?"

"Nimeona," mama akasema.

Alisema yeye mwenyewe, kwa sauti yake. Mama akaweka mkono juu ya mdomo. Nilimwangalia akiwa amepiga magoti, uso umejaa vumbi, macho yamefunguka kama ya msichana aliyekamatwa akila nyama ya wazee, na nilisikia miguu ya mume wangu ikisogea mbali na ukuta. Nikadhani amekwenda. Nikadhani tumeharibu tena, na safari hii hakuna wa kulaumiwa kabisa.

Kisha miguu ikarudi.

"Mwambie mama," sauti ikasema, chini zaidi kuliko mwanzo, "kwamba sasa ni uji wa simiti. Aupake kwenye kingo kwa ufagio, kabla haujakauka amwage mchanganyiko."

"Mwambie mkwe wetu tumesikia," mama akaniambia.

"Wamesikia," nikasema.

Tukamwaga, tukashindilia kwa kipande cha gogo, tukavuta kwa ubao. Ilipofika kulainisha, nilitoka nje nikauchukua mwiko wake mkononi mwake. Alikuwa na jasho kama aliyefanya kazi yote. Hakuniangalia, akasema tu niushike mwepesi, nisiukandamize. Nikampelekea mama. Alilainisha vizuri kuliko nilivyoweza mimi. Mtu aliyekandika kuta maisha yake yote ana mkono. Tulifunika kwa magunia mabichi, na mama akalala jikoni mpaka pakauka.

Mume wangu alinunua blanketi zito Kitale, akampa dada yake baba, shangazi yangu, amfikishie mama. Mama akalipokea na kumrudishia kuku wawili kupitia kwa shangazi huyohuyo. Wazee wa ukoo walisema imetosha kuirudisha soni iliyovunjwa. Wengine walisema haikutosha. Baba, mzee wa kanisa, aliwaona kuku wale wakifungwa miguu, akageuka akaangalia upande mwingine.

Kaka yangu alioa. Mume wangu akaanza tena kula, na usiku mmoja wa mvua akageukia upande wangu, na hatukusema neno juu yake. Mwaka uliofuata tulihamia Bungoma, alipopata kazi kwenye nyumba za wafanyakazi karibu na reli, nami nikawa naenda kwa mama kila mwisho wa wiki. Mume wangu na mama hawakuwahi kuongea tena, hata kwa kupitia kibao cha dirisha. Akitoka huku, yule aliingia kule. Mama alipotaka kujua habari zake aliniuliza, "Huyo mtu wako anakohoa bado?" na yeye aliniuliza, "Yule mama anaendeleaje na miguu?"

Miguu ilikuwa imepona. Funza walikwisha.

Siku moja, muda si mrefu baada ya sakafu kukauka, tulikuwa mtoni mimi na mama. Yule mwanamke aliyenicheka alikuwa pale anafua. Alikuwa ameingia kwetu jana yake kuazima ungo, na ameona chumba. Akamwuliza mama kwa adabu, bila mzaha, ni fundi gani aliyepiga ile sakafu, maana na wao wana simiti nyumbani na hawana mtu.

Mama aliangalia maji. Nami nikaangalia mikono yangu, iliyokuwa bado imepasukapasuka kwa simiti, nikaiingiza ndani ya maji. Mwanamke kushika tindo, mkwe akimwelekeza kupitia ukutani: nani angelisema hilo mtoni, mbele ya watu?

"Ni fundi mmoja alitoka Kitale," nikasema. "Ameshaenda."

"Atarudi?"

"Sijui."

Mama akakohoa. Akanisaidia kujitwika mtungi, akachukua wake, tukaanza kupanda kilima, yeye mbele, na hatukuangaliana mpaka tulipofika nyumbani.